Shahidi wa Njia ya Makaburini

"Njia hiyo haimo kwenye ramani yangu, bibi," alisema kijana mmoja mwenye viatu vya matope, basi likipanda polepole kuelekea kijiji cha Oxcombe mvuani.

Bibi Enid akacheka, cheko lisilo na furaha. "Ramani! Mume wangu tulimbeba mabegani kwa njia hiyo hiyo mpaka kanisani. Sasa mwenye shamba kafunga geti kwa mnyororo."

"Si uende halmashauri?"

"Nimekwenda. Wanataka na mtu mwingine aliyeipita miaka ishirini, aje atie sahihi kwamba ni njia ya watu wote. Wenzangu wote, mwanangu, wamelala huko huko makaburini inakoishia."

"Hajabaki hata mmoja?"

"Angekuwepo, si angesema?"

Kwenye kiti cha nyuma yao, Muriel aliwakodolea macho kondoo waliolowa nje ya dirisha. Njia ile aliipita tangu utotoni, na mnyororo ule kaufunga kaka yake. Damu ni nzito kuliko maji, alijiambia.

Basi likasimama. Bibi Enid akashika fimbo yake, wala hakugeuka.

"Muriel, utanishika mkono nishuke? Au na hilo mpaka ukamuulize kaka yako?"