Marehemu Arvo Ketola, Fundi wa Taa Zinazokubali Kung'oka

Marehemu Arvo Ketola alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 mjini Negaunee, Michigan, mtoto wa nne wa Mzee Onni Ketola, mchimbaji wa chuma, na Bi. Saima. Alisoma hapo hapo Negaunee hadi mwaka 1962. Hesabu zilimpenda; Kiingereza kilimsumbua, maana nyumbani kwao kilisemwa Kifini tu.

Mwaka huo huo aliingia mgodini, akawa fundi wa taa. Kazi ile ilikuwa na amri moja: taa ya mchimbaji haing'oki kwenye kofia, hata mwamba uanguke. Tarehe 15 Juni 1968 alifunga ndoa na Bi. Helmi Saari, ambaye alimwambia mbele ya wageni, "Nimekukubali, Arvo, lakini hayo mataa yako yasivuke mlango wa chumba." Yalivuka. Walijaliwa mtoto mmoja, Marlys.

Sasa tuseme jambo ambalo mwenyewe alitaka lisemwe. Alhamisi, tarehe 19 Januari 1989, Marlys akiwa na miaka kumi na minne, Arvo aliitoboa kofia ngumu ya bintiye ya kutelezea kwenye theluji, akaikaza taa ya mgodini kwa bolti mbili. "Hii haitoki hata kwa shoka," alijisifu. Usiku ule, Marlys na wenzake wakishuka kilima kwa kuteleza, kila mmoja na taa yake, tawi la msonobari liliishika taa ya Marlys. Taa haikutoka, kofia haikutoka, na ukanda wa kidevuni ukamkaba mtoto shingo. Arvo, aliyekuwa chini ya kilima, aliona mwanga mmoja umesimama huku mingine ikishuka. Alipanda kwa miguu, theluji ikimfika mapajani, akilia kwa hofu, akaukata ukanda kwa kisu. Marlys alikaa siku tisa bila sauti.

Hofu ile haikumtoka tena. Kwa miaka thelathini na minne aliwafungia taa watu wote walioteleza usiku kwenye kilima kile kwa utepe wa kunata na nyaya fupi, bila tundu hata moja kwenye kofia. Kisha aliivuta taa kwa kidole. Isipong'oka, mwenye kofia alirudishwa nyumbani, hata awe nani. Mchungaji wetu alirudishwa mara mbili. Lakini watu wa nyumba yake mwenyewe hakuthubutu kuwafungia.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Alhamisi iliyopita mjukuu wake, Annika, alimletea kofia kitandani.

"Babu, leo nashuka na wenzangu. Nifungie basi."

"Siwezi, mama. Mikono yenyewe unaiona."

Marlys akasema, "Baba, mfungie. Aliyekabwa ni mimi, na anayekuomba ni mimi."

Alifunga, akavuta, ikang'oka. Akafunga tena. Annika alitoka saa moja jioni, na tangu hapo macho ya babu yake hayakubanduka kwenye dirisha linalotazama kilima.

"Ameshuka?"

"Bado, Baba."

"Na sasa je?"

"Bado. Tulia kidogo."

Alifariki saa mbili na dakika kumi usiku, tarehe 9 Februari 2023, akiwa ameshika mkono wa Marlys, akiogopa. Hatuwezi kusema vingine.

Ameacha mjane, Bi. Helmi, binti, Marlys, na mjukuu, Annika, aliyeingia mlangoni saa mbili na robo, akiwa amemulikiwa njia nzima na wenzake. Kwenye kofia yake hapakuwa na taa. Tawi liliichukua, yeye likamwacha.

Arvo, mtoto ameshuka. Pumzika sasa, usiogope tena.