Ctibor Machoň na Karpi wa Bafuni kwa Bi Květa

Ctibor Machoň, msimamizi wa mabwawa yetu, anastaafu tarehe 31 Desemba, baada ya miaka arobaini na mmoja ya kuingia kwenye maji ambayo mtu mwenye akili zake hayagusi hata kwa kidole.

Wakati wa baridi karpi, samaki wanaofugwa katika mabwawa yetu, hawali wala hawatembei; hujirundika penye kina wakasubiri. Ctibor hulaza sikio juu ya barafu kisha huonyesha mahali pa kupasua. Alisikia nini, hatujui. Ila masharubu yake tuliyaelewa: yakiganda upande mmoja, kazi inaendelea, yakiganda pande zote mbili, kwanza tunakunywa ramu.

Desemba ya 2010 ilikuwa nyuzi kumi na sita chini ya sifuri. Tulipovuta juya, wavu wetu mkubwa, tulimtoa Baronka, karpi jike wa kilo tisa, mama wa nusu ya samaki wetu. Mtu mmoja akamtia kwenye pipa la samaki wa kuuza. Mtu huyo ni mimi. Kufika adhuhuri, Baronka alikuwa ameshanunuliwa, na mkurugenzi akasema kwamba akiliwa, sisi wawili tukatafute kazi kwenye kiwanda cha bia.

Ctibor hakunigombeza. Alichukua wavu wa mkono, akaanza kubisha hodi mlango kwa mlango, akiomba kukagua mabafu, maana kwetu karpi wa kuliwa mkesha wa Krismasi hununuliwa akiwa hai, na wote walikuwa humo majini wakisubiri siku yao. Alikagua kumi na moja. Katika la saba alimkuta mwanasheria wa mji, akiwa na sabuni kichwani.

La kumi na mbili lilikuwa la Bi Květa Roubalová, mjane. Baronka alikuwemo, ametulia. Bi Květa alikuwa ameshaghairi kumla.

"Bwana Machoň," alisema, "huyu ananisikiliza kuliko marehemu mume wangu. Simtoi."

Ctibor alimweleza habari za vizazi vya samaki, kisha akainama amwonyeshe alama kwenye pezi. Buti zikateleza. Akatumbukia ndani ya bafu na koti lake, na Baronka akamkalia kifuani.

"Sasa tumtoe nani?" Bi Květa akauliza, na kucheka kukamlegeza mpaka akakubali, kwa sharti kwamba yeye atakuja bwawani kumtembelea samaki wake.

Alikuja kila Jumapili. Majira ya kuchipua Baronka alitaga, na mwezi wa Septemba Bi Květa akaolewa na Ctibor, akawa Bi Machoňová. Mimi nilikuwa shahidi. Nilistahili.

Wiki iliyopita, tukinywa kahawa, Ctibor alikiri kwamba hapendi ladha ya karpi hata kidogo, na kwamba kila mkesha wa Krismasi hula soseji. Tumemsamehe, ingawa mkurugenzi bado anafikiria.

Asante, Ctibor, kwa samaki wote na kwa kutonisema. Nenda ukae karibu na jiko, soksi zako zikauke hatimaye, na siku zako ziwe ndefu na zenye joto.

Zbyněk Havlas, kikosi cha juya