Bi. Mukai na Dirisha la Mashariki

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Mukai Mbithi atakabidhi funguo za Kanisa la Mawe, Shauri Moyo, baada ya kulitunza kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi, Triza Nerima, karani wa ofisi, nimepewa ukurasa mmoja wa kumsifu. Ukurasa mmoja, jamani! Kwa mama aliyenifokea mara nyingi kuliko mamangu mzazi, kosa langu likiwa kukanyaga sakafu yenye maji.

Alikuja mwaka wa 1994 kutoka Kayole, na ndoo yake mkononi, maana hakuamini ndoo za watu. Kila asubuhi alipiga deki kanisa zima isipokuwa pale zilipoangukia rangi za vioo vya dirisha la mashariki. Hapo alisubiri jua lisogee. Hakutaka kuzikanyaga. Tulimcheka sana, na wengine wakadai anakwepa kazi.

Mwaka wa 2010 paa lilianza kuoza, dirisha likashushwa, vipande vyake vya kioo vikatiwa masandukuni bila mtu kuviwekea nambari. Kwa miaka kumi na miwili tukaomba tukiangalia plaiwudi. Ukarabati ulipoanza, picha pekee tuliyopata haikuwa na rangi, na vipande vyote vilikuwa vya ukubwa mmoja. Fundi wa vioo, Javan Opicho, alisema wazi kwamba bila mpangilio ataweka vioo vya kawaida tu. Kamati ilikuwa karibu kukubali. Bi. Mukai, aliyekuwa akitumiminia chai, akaweka birika chini akasema yeye anajua.

Na wee, alijua! Wiki tatu alizunguka kanisani na chaki, akiweka alama sakafuni: hapa nyekundu ya saa mbili asubuhi, hapa kijani ya saa tatu, hapa mwezi wa sita, hapa Desemba. Javan alivuta uzi kutoka kila alama hadi dirishani. Asubuhi jua lilipoingia mara ya kwanza, rangi zilishuka polepole, zikapita juu ya mabenchi, zikalala sakafuni. Tulisimama kama watu walioamshwa kabla ndoto haijaisha. Nililia, na sioni haya kusema.

Tangu hapo wageni hawakatiki, na Bi. Mukai ndiye huwapokea. Akishawaonyesha dirisha huwatuma Kariokor wakanunue vyondo, Gikomba wakawaone wachongaji, Burma wale nyama, kisha Eastleigh wakatafute vitambaa, na onyo kwamba bei ya kwanza hailipwi. Mgeni mmoja alirudi jioni amechoka hoi, vyondo sita begani, kumshukuru kwa kumpa Nairobi nzima kwa siku moja.

Mwezi uliopita Bi. Mukai alikuja mbele ya kamati. Alisema amewadanganya wageni miaka mitatu. Kipande kimoja cha safu ya tatu ya dirisha sicho: palikuwa na njano, naye akamwambia Javan buluu. Marehemu mumewe, Mzee Mbithi, dereva wa lori, alikuwa akikaa mwisho wa benchi la tatu, na njano ile ilimpiga machoni kila Jumapili, akasikiliza mahubiri yote mkono ukiwa usoni, akinung'unika. Alifariki kabla dirisha halijarudi. Bi. Mukai alisema alitaka tu mumewe akae vizuri. Sasa aliomba kipande kibadilishwe kabla hajaondoka, kwa sababu hawezi kuacha uongo katika nyumba ya Mungu.

Javan alisema ni kazi ya asubuhi moja. Jumapili iliyofuata Mchungaji Luseno alimwachia mzee wa kanisa mimbari, akaenda kukaa mwisho wa benchi la tatu, buluu imemtulia usoni. Baada ya ibada aliiambia kamati kwamba kipande hicho hakiguswi, ila wageni waambiwe ukweli wote. Nami nimeandika katika kumbukumbu za dirisha: safu ya tatu, buluu, kwa ajili ya Mbithi.

Bi. Mukai, asante kwa kila kitu. Pumzika Komarock na wajukuu wako, afya iwe nawe, na siku zako ziwe za utulivu. Jumapili njoo mikono mitupu ukae benchi la tatu. Nafasi ya mwisho, hapo kando yako, hatumpi mtu.