Noah Kipyegon na Chasis ya Ndugu Yake

Pasta, wazee, wamama na majirani, mimi ni Jerusa, kogo yake Noah, nyanya mwenye alimlea, karatasi sijui kusoma, mtasikia vile iko kwa kichwa yangu.

Noah Kipyegon alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 hapa Chepilat, kifungua mimba wa kijana yangu marehemu Kiptum, akasoma hapa chini mpaka darasa la saba, na mwaka wa 1977 akaenda Sotik kwa Omariba kujifunza kuchomelea vyuma, huyo Omariba mnaona hapo na kofia. Akamfundisha kupima chasis, hiyo fremu ya chini ya gari, unafunga nyuma kwa miti na mnyororo, mbele inakalia jiwe moja katikati, unafunga paipu ndefu kuvuka, upande mmoja unaning'iniza gunia ya mawe, ukitoa gunia chasis inatakiwa irudi vile ilikuwa, na ikibaki imejisokota kama nguo imekamuliwa, unaikata vipande mwenye gari akiona, asiende kuua watu nayo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na Noah akarudi nayo hapa Chepilat akafungua gereji yake.

Alioa Cheptoo wa Chepseon kanisani tarehe 7 Desemba 1985, wakapata Chepkemoi mwaka wa 1986 na Nelvine mwaka wa 1990.

Sasa mwezi wa nane mwaka huu wa 1996, Johana, ndugu yake wa tumbo moja, nimebeba wote wawili na mgongo hii, alikata lori mzee katikati akairefusha apakie majani chai mingi, akachomelea mwenyewe, akaleta kwa Noah ipimwe, gunia ikatolewa, chasis ikakataa kurudi. Noah akamwambia hii ni ya kukatwa, Johana akacheka, ati wewe unapima gari kama nesi anapima watoto kliniki, na Noah, kwa sababu ni damu yake, akamhurumia akaiacha nzima. Johana akapaka rangi, akapakia.

Tarehe 5 Novemba lori ikainama kwa mteremko, mguu ya mchumaji Gesare ikashikwa chini, Noah akaingia na jeki akatoa mama wa watu, halafu kiungio ile Johana alichomelea ikakatika, chuma ikamlalia kifua, akatuacha hospitalini tarehe 19. Hata hajaoshwa, Johana alikuwa Sotik akisema ni Noah alichomelea, na leo wateja wameondoa magari, Cheptoo na watoto watakula nini?

Tunashukuru madaktari, manesi, majirani mliochimba kaburi kwa mvua, na mafundi wa Sotik, zaidi Omariba, ameleta hiyo chasis, iko nyuma ya hema, rangi imekwanguliwa, muende muangalie, mnajua mshono ya chuma ya Noah inapangana kama mahindi kwa gunzi, hiyo ingine ni kama mavi ya ng'ombe imeanguka kwa barabara. Hakuna mtu atagusa mchanga ya mjukuu wangu mpaka mwenye hiyo mkono ajitaje mbele yenu.

Noah, lala salama baba. Johana, simama.