Kisiwa Chenye Rangi

Ianthe alitamani angekaa kiti kingine. Kulia kwake, ndani ya basi dogo la kwenda St. George's, mama mmoja alikuwa amesogeza jarida la visiwa hadi karibu na pua. Kushoto alikaa mzee mwenye fulana ya wapiga mbizi.

"Kaka, wewe mtu wa chini ya maji, nichagulie," mama alisema. "Bonaire au Tobago? Daktari kanipa mwaka mmoja tu wa kuona. Nataka nikayatazame matumbawe kwanza."

"Bonaire, dada! Rangi zake utadhani kanivali."

"Ulienda lini?"

Mzee akajikuna shingo. "Miaka kumi na tano sasa."

"Na hapa kwetu Grenada?"

"Hapa nawapeleka wageni kila siku. Joto la maji limeyaua matumbawe, yamekuwa meupe kama mifupa. Nasikia na Bonaire ni hivyo hivyo."

"Kumbe unaniuzia kumbukumbu zako!"

"Ndizo zilizobaki na rangi, dada."

"Haya, na Tobago je?"

Mzee akagonga paa, basi likasimama, akashuka. Mama akamwinamia Ianthe na jarida lake.

"Mwanangu, tumbawe hili ni jekundu, sivyo?"

Lilikuwa la zambarau.

"Jekundu sana, mama," Ianthe alisema.