Shangazi Koo Anaweka Glasi Chini

Tak. Ndiyo sauti iliyobaki masikioni mwangu: glasi ya maji ikirudishwa mezani katika chumba namba nne, mwisho wa korido, jirani na stoo ya karatasi. Kwa miaka mingi sauti hiyo imetuambia kuwa kuna mtu amehisi koo likimwasha, akameza funda la maji badala ya kukohoa, na mwenye chumba amemeza naye. Tarehe 30 Juni glasi hiyo itawekwa chini kwa mara ya mwisho. Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mtaalamu wetu wa tiba ya koo na sauti, ambaye wagonjwa walimpa jina la Shangazi Koo na sisi tukalidandia, anastaafu.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya mkuu wa idara, mimi ndiye niliyemsumbua zaidi. Siwezi kubisha.

Shangazi alianza kazi akiwa muuguzi wa wodi ya kifua. Huko aliwaona watu waliorudi mwaka baada ya mwaka na bahasha kubwa za eksirei: mapafu safi, vipimo safi, dawa zimekwisha, kikohozi kipo palepale. Wengine waliambiwa wanajiendekeza. Yeye hakukubali. Alirudi masomoni akiwa na watoto wawili wadogo, akarejea na ujuzi ambao wengi waliudhani mzaha: kumfundisha mtu kukitambua kikohozi kabla hakijatoka, ameze, avute pumzi kwa pua, kisha aitoe polepole kama anayepoza chai. Madaktari wakishamaliza kutafuta ugonjwa, yeye alilifundisha koo adabu.

Miaka minne iliyopita huduma hii ilihamia mtandaoni, kwa kuwa mtu anayekohoa bila kikomo huogopa safari. Abiria humpisha, lakini si kwa heshima. Mgonjwa wa kwanza wa mtandaoni aliangalia feni ya dari kwa dakika arobaini, maana Shangazi alikuwa ameelekeza kamera juu. Alipata nafuu hata hivyo, na akaomba feni ifikishiwe salamu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, na shahada mbili, hedifoni mpya na imani kubwa katika grafu. Nilitengeneza mfumo wa kuhesabu vikohozi wakati wa mazungumzo. Mwaka jana Shangazi akaenda likizo ya wiki tatu, akaniachia wagonjwa kumi na tisa. Wote wakapona. Grafu ilishuka hadi sifuri kama ndoo kisimani. Niliionyesha kwenye kikao cha Jumatatu, nikapigiwa makofi, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Fundi saa mmoja, aliyekohoa miaka sita hadi akawa anapeperusha skrubu za wateja, nilimpongeza kwa kutokohoa hata mara moja. Alinitazama kama mwenye kipara aliyesifiwa nywele zake. Mkewe akapaza sauti kutoka nyuma: "Hajakohoa? Paka mwenyewe kakimbia!" Nikaandika kwenye faili: mke hutia chumvi.

Shangazi aliporudi, alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama skrini kidogo. "Mwanangu, huyu mzee anakohoa." Nikamwonyesha sifuri. "Achana na sifuri. Tazama mabega." Mabega ya fundi saa yalikuwa yakiruka. Picha yake nilikuwa nimeipunguza ikawa kama stempu ili grafu ipate nafasi, na nilikuwa nimewasha kichujio cha kuondoa kelele ili sauti iwe safi. Kompyuta iliamua, kwa busara zake, kwamba kikohozi ni kelele. Katika kliniki ya kikohozi.

Alinikalisha, tukawapigia wote kumi na tisa kuomba radhi. Tulianza na mke wa fundi saa. Chumvi yake niliifuta kwenye faili yeye akisubiri. Kikaoni, mkuu wa idara alipouliza nani kakosea, Shangazi alijibu, "Tulikosea." Wiki zote tatu alikuwa kwake akipaka rangi jiko.

Mtu mwingine angejifunza. Mimi nilizima kichujio, nikadhani somo limekwisha. Februari mwaka huu niliandika pendekezo la kurasa kumi na mbili: Shangazi akistaafu, kiti chake kisijazwe. Tungerekodi vipindi vyake, tungevifupisha, wagonjwa wangejitazamia nyumbani, na mazungumzo ya moja kwa moja yangefungwa. Uongozi ulilipenda. Shangazi naye alikubali kurekodiwa. Alivaa hata hereni.

Nilikaa siku nane nikikata. Dakika arobaini nilizifanya tisa, kwa kuondoa kila mahali ambapo hakuna kinachotokea: mgonjwa kashika koo, Shangazi kimya, maji, kimya, tak. Nilikata tak mia mbili na sita. Kisha nikamtumia fundi saa video hiyo aijaribu kwa wiki moja. Wakati huo Shangazi alikuwa amemfikisha mahali pa kufungua saa nzima bila kupeperusha kitu. Jibu lake lilikuwa la sauti, sekunde kumi tu: "Binti, video nzuri sana. Ila inaondoka kabla sijameza." Halafu akakohoa, na safari hii nilimsikia.

Nilikwenda chumba namba nne na rekodi hiyo. Shangazi aliisikiliza mara mbili, akacheka hadi akahitaji maji. Hakusema kwamba alinionya, kwa sababu kweli hakuwahi kunionya. Alikuwa amenisubiri, kama anavyowasubiri wote, nimeze mwenyewe.

Shangazi, wapo watu wengi wanaolala usiku kucha, wanaoimba, wanaoketi kikaoni bila kugeukiwa na macho ya watu, kwa sababu uliketi nao. Asante kwa kila funda. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, jiko lenye rangi isiyobanduka, na koo lisilokuwasha kamwe.

Kuhusu kiti chako: pendekezo langu nililiondoa Jumanne kwa barua ya mistari mitatu, nikaomba kiti hicho nikikalie mimi. Uongozi umenipa miezi sita ya majaribio. Jumatano saa tatu asubuhi, ulipokuwa umeenda kusaini makaratasi yako, nilimpigia fundi saa kutoka chumba namba nne, uso wake ukiwa umeijaza skrini, glasi yangu mwenyewe ikiwa mezani. Koo lilimwasha. Tulikaa kimya dakika nzima. Alipomeza, nikameza.