Hermani Alikula Kwenye Meza ya Moto

Jumapili baada ya misa ya pili, watu wa Katesh wasio na haraka ya kurudi nyumbani walikuwa na benchi lao kwa Mama Konsolata, muuza kahawa, ubavuni mwa gereji, pale vumbi la matrekta ya mashamba ya ngano linapotua kwanza kabla ya kuingia madukani. Ilikuwa miaka ile ya sukari ya mgawo, kwa hiyo kahawa ilinywewa chungu na maneno ndiyo yaliyokuwa matamu. Felician aliitwa Redio, kwa sababu alikuwa na redio ya mbao na alisikia humo mambo ambayo mtangazaji hakuyasema. Basili, dereva wa trekta, aliitwa Dizeli hata siku aliyooga. Na Hermani, fundi wa kombaini za kuvunia ngano, aliitwa Spana. Alikuwa amerudi juzijuzi kutoka Kanada, alikopelekwa na shamba kujifunza mashine mpya. Leo hakuja kunywa kahawa. Alikuja kujitetea.

Kosa lake lilikuwa kusimulia. Siku moja tu, hapohapo kwenye benchi, alieleza chakula alichokula huko ugenini, na kabla kahawa haijapoa habari ilikuwa imeshafika kijijini Nangwa, kwa Mzee Bura, kwamba Spana anadai alikula moto. Mzee Bura ndiye baba yake Imakulata, na wajomba wa Hermani walikuwa wakijiandaa kupeleka posa. Nangwa nzima ilijua msimamo wa mzee huyo: binti yake angemwoza maskini, angemwoza hata mtu mwenye sura ya kutisha ng'ombe, lakini mwongo, hapana. Sasa mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia ya kanisani kichwani, fimbo katikati ya magoti.

— Shikamoo, mzee, alisema Hermani.

— Marahaba. Mimi nimepita tu.

Kutoka Nangwa hadi kwa Mama Konsolata hakuna mtu anayepita tu.

— Endelea na habari yako, mzee akasema. Usinione mimi.

— Eleza, Spana, akadakia Redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Mgeni ni nani hapo? akauliza Dizeli.

— Mithali haiulizwi. Eleza.

Hermani alieleza kwamba siku ya mwisho ya mafunzo wenyeji wao waliwapeleka kula hoteli ya Wajapani.

— Simama hapo, akasema Dizeli. Ulikwenda Kanada au Japani?

— Kanada. Lakini hoteli ni ya Wajapani.

— Kwani Wakanada hawana chakula? Si wametuletea ngano hapa?

— Sisi wenyewe tunalima ngano mpaka upeo wa macho, akasema Mama Konsolata, na mkate tunausikia kwa Redio.

Watu wakacheka. Mzee Bura hakucheka.

— Tukakaa kuizunguka meza, Hermani akaendelea. Meza yenyewe ni chuma. Bamba moja pana, na chini yake kuna moto. Wanaita tepanyaki. Mpishi anakuja na visu vyake, anasimama mbele yenu, anapika hapohapo mezani mkimtazama.

— Ndiyo hapo nilipokataa, akasema Dizeli. Hoteli gani haina jiko?

— Nitakwambia sababu, akasema Redio, akiweka kikombe chini kama mtu anayetua mzigo. Japani ardhi inatetemeka kila siku. Nimesikia mwenyewe. Sasa ukipika jikoni, ukija kula mezani, nyumba imeshaanguka katikati ya safari. Kwa hiyo walikata safari.

— Lakini hii ilikuwa Kanada, akasema Hermani.

— Mazoea! Mazoea yana taabu. Mwacha asili ni mtumwa.

— Hapana, akasema Dizeli. Mimi nawajua watu wa mashine. Hicho chuma ni kifaru cha vita. Vita vilipokwisha, Wajapani walibaki na vifaru na hawana pa kuvipeleka. Wakavikata mabamba, wakaweka miguu, wakaita meza. Na huyo mpishi wa visu ni askari aliyekosa kazi.

— Huyo kijana alikuwa mdogo kuliko mimi, akasema Hermani. Vita alivionea wapi?

— Basi baba yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Hermani akataka kucheka, akamtazama mzee, akaacha. Kila walivyozidi kuchangamka, ndivyo habari yake ilivyozidi kunuka uongo, na wala hakuwa ameongeza hata chembe.

— Mlikula nini kwenye hicho kifaru? akauliza Mama Konsolata.

— Nyama, iliyokatwa vipande vidogovidogo. Wali. Mboga. Halafu kulikuwa na wadudu fulani wa baharini, wekundu, wana miguu kama panzi. Wanaitwa kamba.

— Kamba ndiyo unayotufunga sisi! akapiga kelele Dizeli, na benchi lote likaangua kicheko.

— Wamejipinda hivi, akasema Hermani, akikunja kidole.

— Samaki mkunje angali mbichi, akasema Redio kwa huzuni. Hao waliwahiwa.

— Na moto? akauliza Mzee Bura.

Lilikuwa swali lake la kwanza. Kicheko kikakatika.

— Moto ni hivi, mzee. Mpishi alikata kitunguu duara, akapanga duara kubwa chini na ndogo juu, mpaka kikawa kama Mlima Hanang. Akamimina kitu ndani, akawasha. Mlima ukatoa moto kileleni. Halafu akarusha yai juu, akalidaka kwa kofia yake. Sikula moto, mzee. Nilikula chakula kilichopikwa karibu na moto kuliko nilivyozoea.

Mzee Bura akakizungusha kikombe polepole.

— Maneno nimesikia, akasema. Fundi huonyesha.

Hermani akasimama. Hakuwa na bamba la Mjapani, lakini Mama Konsolata alikuwa na diski ya plau iliyozibwa tundu, ambayo siku za kazi aliikaangia mandazi. Akaiteleka juu ya mafiga matatu, akachochea kuni. Dizeli akatumwa buchani kwa nyama ya mbuzi, akarudi anakimbia, yeye ambaye hata trekta lake lilikuwa halikimbii. Mama Konsolata akatoa vitunguu, kisha, kwa shingo upande, yai moja.

— Yai langu si mpira, akaonya.

Hermani akaikata nyama kwa kisu cha kuazima. Alikuwa na mikono ya fundi, mikono isiyotetemeka ikishika chuma, na mafuta yalipoanza kulia alisahau kidogo kwamba anatazamwa. Nyama ikageuka rangi, harufu ikavuka barabara, watu waliokuwa wakienda zao wakaghairi. Akapanga duara za kitunguu. Mlima ukasimama. Akamimina mafuta ya kula kileleni, akaweka kijinga cha moto. Ukafuka moshi tu.

— Nina dizeli kwenye dumu, akasema Dizeli.

— Hapana! wakasema wote.

Redio akakohoa, akatazama upande wa kanisa, kisha akachomoa kichupa kutoka mfuko wa ndani wa koti.

— Ni dawa ya kifua, akasema.

Hakuna aliyemuuliza kifua kinauma tangu lini. Hermani akadondosha kidogo kileleni, akasogeza kijinga. Ulimi wa buluu ukaruka juu, mlima ukawaka, na kijiwe kizima kikarudi nyuma kikipiga mayowe. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Hermani akajisikia mrefu. Akashika yai, akavua kofia yake, akalirusha juu kama alivyomwona yule Mjapani.

Lilikwenda juu vizuri. Kushuka ndiko kulikokuwa na matatizo. Hermani alikimbilia kushoto, yai likaenda kulia, likatua katikati ya kofia ya kanisani ya Mzee Bura. Pwaa.

Ute ukateremka taratibu ukingoni mwa kofia, ukaning'inia mbele ya pua ya mzee, ukadondoka juu ya fimbo. Hermani aliona posa yake ikidondoka nao. Mzee akavua kofia, akaitazama ndani na nje.

— Huko Kanada nako lilianguka?

— Hapana, mzee. Yule alilidaka.

— Ungeweza kusema hata lake lilianguka. Nani angejua?

— Hakuna. Lakini halikuanguka, mzee.

Mzee Bura akamkazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Hermani akadhani ni hasira, mpaka kicheko kilipotoka, kikavu, kama cha mtu asiyekitumia mara kwa mara.

— Huyu hawezi kudanganya, akamwambia Redio. Nimempa mlango wazi, amekataa kutoka. Leteni nyama.

Wakala kwa mikono, wakiwa wamesimama kuizunguka diski, wakigombania vitunguu vilivyoungua. Redio alisema chakula cha Kijapani kina ladha ya mbuzi. Dizeli akasema hilo linathibitisha habari ya kifaru, ila hakueleza linathibitishaje. Hermani alichochea, aligeuza, aliwasogezea wazee vipande laini.

Walikuwa wamerudi kuketi, wanalamba vidole, alipotokea Mama Hilaria, mkewe Mzee Bura, kutoka mazoezi ya kwaya, kumtafuta mume aliyesema anapita tu. Akasimama. Akatazama diski, akatazama kofia.

— Shikamoo, mama, akasema Hermani.

— Marahaba, baba. Nini hiki?

Wakamweleza wote kwa pamoja: meza ya chuma, visu, kamba, kifaru, mlima, yai. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, kanga ikiwa imekazwa kifuani. Kisha akamgeukia Hermani.

— Na huyo kijana aliyewapikia, yeye alikula saa ngapi?

Hermani alimkumbuka yule Mjapani vizuri: kovu la kuungua kwenye kiganja, tabasamu, jinsi alivyoinama wakampigia makofi. Alikumbuka kwamba walipoinuka alikuwa bado anakwangua chuma. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu.

— Sijui, mama.

— Redio? akauliza Dizeli kwa sauti ndogo.

Redio, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu ahamie Katesh, alitazama ndani ya kikombe chake.

— Hilo hawakulitangaza, akasema.

Mama Hilaria hakungoja zaidi. Alichukua kisahani cha Mama Konsolata, akakwangua diski pande zote mpaka akapata vipande vitatu vya nyama na kitunguu kilichobaki, akamwekea Hermani mikononi.

— Kaa chini, ule, akasema.

Benchi lilikuwa limejaa. Mzee Bura akainua fimbo yake, akasogea.